Kuni za Bure

Murhula alirudi kutoka soko la Kadutu
mikono mitupu. Gunia la makala, akasema,
limepanda tena, sasa halina hata haya.
Miti ninayo nyuma ya nyumba,
mikono ninayo,
kuni zangu nitakata mwenyewe, bure.
Nilikuwa natwanga sombe. Sikujibu.
Nilichukua daftari la Ntakwinja, lile la hesabu,
nikafungua ukurasa wa mwisho kabisa.

Shoka aliliazima kwa Cirhuza, fundi wa mapaa.
Shoka la kuazima haliji peke yake:
lilikuja na kiu ya Cirhuza, chupa mbili,
na mpini uliovunjika kwa pigo la tisa,
na mpini mpya, mti mgumu kutoka Walungu,
alioutafuta Cirhuza mwenyewe
na bei akaitaja mwenyewe.
Tupa ya kunolea. Kamba. Niliandika.

Siku ya kwanza hakwenda Nyawera kupakua simenti.
Ya pili pia.
Ya tatu alikwenda, wakamtazama viganja,
malengelenge yamepasuka, yamelowa,
na mifuko yake wakampa kijana wa Cimpunda.
Nilikuwa nimeandika siku mbili.
Nikafuta, nikaandika wiki tatu.

Mti wenyewe haukuwa na haraka.
Tuliupanda mwaka aliozaliwa Ntakwinja,
kitovu chake kimelala pale chini,
na kwa miaka kumi na mmoja mkaratusi ule
ulikunywa mvua yote ya mteremko wetu
bila kumdai mtu.
Ulipokubali kuanguka, uliangukia
upande ambao hakuna aliyeupanga:
choo cha M'Rhugenda.
Mabati mawili, mlango, bawaba.
Yeye, Mungu mkubwa, alikuwa ibadani.
Alipofika alisimama kimya, kitenge kiunoni,
kisha akasema: Baba Ntakwinja,
hilo neno lako *bure* lina milango miwili.
Tangu siku hiyo hanisalimii.
Salamu za jirani sikujua niziandike franka ngapi,
nikaacha nafasi.

Kuni mbichi zinalia jikoni.
Povu linatoka kwenye ncha, moshi unatufukuza
kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Maharage niliyoinjika asubuhi
tuliyala watoto wamelala, nusu mawe,
na bibi yangu angekuwepo angecheka:
rahisi huvunja upishi.
Mdogo alikohoa siku nne.
Kituo cha afya: kadi, dawa ya maji, nauli ya pikipiki
kwa sababu ilikuwa usiku.

Lakini niseme na hili, maana daftari ni langu.
Mwezi wa pili zilikauka.
Jioni moja zikawaka bila kupulizwa,
harufu ile kali, tamu, ikajaza nyumba,
Murhula akanyoosha miguu karibu na moto,
viganja vyake vimekuwa vigumu kama soli,
akanitazama kama mtu aliyeninunulia kitu.
Sikuwa na safu ya kuandika hilo.
Nilitafuta.

Kisha Novemba.
Maji hayana tena wa kuyanywa.
Nyuma ya jiko ukutani kuna ufa;
najua methali, usinikumbushe.
Mwanzo uliingia wembe.
Baadaye penseli.
Jana Ntakwinja aliingiza mkono mpaka kifundo,
akasema: mama, ndani ni baridi.

Kisiki kimechipuka. Machipukizi matatu.
Murhula anayahesabu kila asubuhi
kama mwenye ng'ombe,
ameshamwambia Cirhuza kuhusu shoka.

Jumatatu daftari lilirudi kutoka shuleni.
Mwalimu, maskini, amesahihisha kila ukurasa
hata ule wa mwisho.
Mpini, vyema. Mabati, vyema. Wiki tatu, vyema.
Kwenye nafasi niliyoiacha
ameweka alama ya kuuliza,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu:
*Jumla iko wapi?*